Mali Bila Daftari: Nani Atakayeipima Miradi Yetu?

Wahenga walituachia wosia mfupi: mali bila daftari hupotea bila habari. Taifa letu limeujua wosia huu kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi limeupuuza. Twasema hivi kwa uchungu wala si kwa chuki, kwa kuwa mali inayopotea ni jasho la mkulima, ni kodi ya mchuuzi, na ni deni litakalolipwa na watoto ambao bado hawajazaliwa.

Tuanzie Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 palijengwa hapo, kwa msaada wa Norwe, kiwanda cha kugandisha samaki. Kilifanya kazi siku chache kikafungwa, maana gharama ya umeme na ya maji safi ilishinda faida ya samaki wenyewe. Baadaye Ghuba ya Ferguson, iliyotegemewa kwa uvuvi, ikakauka. Je, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, ni nani aliyeketi na wazee wa Turkana akawauliza tabia ya ziwa lao?

Kisha tutazame bwawa la Turkwel. Mwaka 1986 mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya nchini, Achim Kratz, aliandika waraka wa ndani akieleza kwamba bei ya mradi huo ilizidi mara mbili ya ile ambayo Kenya ingelipa kwa zabuni ya wazi ya kimataifa. Waraka ukavuja hadi magazeti ya ng'ambo. Bwawa likajengwa hata hivyo, likakamilika mwaka 1991. Angalieni jambo hili, ndugu zetu: tathmini ilikuwepo! Ila iliandikwa na mgeni kwa ajili ya wageni wenzake, nasi tulioandikiwa deni tukaipata kwa uvumi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Ufuatiliaji na tathmini si kazi ya makaratasi tu, ni mamlaka. Anayeshika kipimo ndiye anayeamua kama mradi umefaulu, na anayesomewa matokeo ndiye bwana wa mradi. Nasi twauliza: bwana wa miradi ya Kenya ni nani, kama si mwananchi?

Tutaambiwa kwamba serikali imekwisha kulishughulikia jambo hili. Ni kweli kwamba mwaka 2004 uliundwa mfumo wa kitaifa wa ufuatiliaji na tathmini. Ni kweli pia kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari, na Kifungu cha 229 chamtaka Mkaguzi Mkuu aseme kama fedha za umma zimetumika kwa njia halali na yenye manufaa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ikafuata mwaka 2016. Twazipongeza hatua hizo, kwani wako walioteseka ili zipatikane. Lakini sheria isiyo na watu waliofundishwa kuitumia ni sawa na jembe lililoning'inizwa ukutani. Ripoti inayotangaza kwamba fedha zote zimetumika, bila kusema kama mfereji unatoa maji, imepima matumizi tu; haikupima maendeleo.

Wengine watatujibu kwamba kupima miradi ni kazi ya wataalamu. Hatuwakatai wataalamu, twawahitaji, na vyuo vyetu viwafundishe wengi zaidi. Hata hivyo, mama anayeteka maji ajua mwezi ambao bomba lilikauka. Fundi mwashi wa kijijini ajua ukuta uliochanganywa mchanga mwingi kuliko saruji. Elimu hiyo haina budi kuingia daftarini.

Wala hatuoti ndoto. Mwaka 2007, huko Changamwe, shirika la MUHURI liliwafundisha wakazi kukagua miradi ya Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, wakisaidiwa na wanaharakati wenye uzoefu huo kutoka Rajasthan, India. Wakazi walizisoma hati, wakaenda hadi penye majengo, wakalinganisha maandishi na mawe, kisha wakayasoma waliyoyaona mbele ya umma. Hawa walikuwa raia wa kawaida.

Nanyi waumini, mna shule tayari. Ni kanisa gani lisilosoma hadharani hesabu ya harambee? Ni chama gani cha akina mama ambacho mwekahazina wake hukataa kufungua kitabu? Katika Injili ya Luka, bwana alimwita wakili wake atoe hesabu. Hakumwachia wakili ajikague mwenyewe. Tunalolidai kwa mweka sadaka tulidai pia kwa mjenga barabara.

Basi twataka haya. Kabla ya mradi kuanza, hali ya wenyeji iandikwe, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Mkataba, bei na orodha ya vifaa visomwe barazani kwa lugha inayoeleweka. Kila kata iwe na wakaguzi raia waliofundishwa hesabu na usomaji wa michoro, wasiolipwa na mkandarasi wala na mwanasiasa. Ripoti imfikie mwananchi siku ileile inapomfikia mfadhili. Mradi utazamwe tena miaka kadhaa baada ya utepe kukatwa, maana zahanati isiyo na dawa haiponyi mtu. Na anayefichua ubadhirifu alindwe.

Tulipodai vyama vingi, tulidai haki ya kuchagua wanaotutawala. Haki hiyo imebaki nusu mpaka tuweze pia kuyapima wanayoyafanya baada ya kuchaguliwa. Jumapili hii, ibada ikiisha, chagueni mradi mmoja ulio karibu nanyi. Andikeni barua mkaombe hati zake. Nendeni mkautazame kwa macho yenu, na daftari mkononi.