Mtu na Mkewe Wahamie Mji Gani Marekani?

Siku hizi ukiketi baraza yoyote ya Mombasa, Malindi au Lamu, haipiti jioni bila ya kusikia kwamba mtoto wa fulani anakwenda Marekani. Zamani safari za watu wa Pwani zilikuwa za Maskati, Jidda na Dubai, na aliyekwenda aghalabu alikwenda peke yake, akakaa miaka miwili mitatu, akarudi na masanduku yake. Hii ya Marekani ni safari nyingine. Mtu hufunga nyumba, akamchukua mkewe, akaaga wazee kama aagaye mtu asiyejua atarudi lini. Walakini linalonishangaza ni kuwa watu hawa hushauriana mno juu ya visa, nauli na makoti ya baridi, na mji wenyewe watakaokwenda kuishi hawaujadili hata robo saa. Wataenda "alipo rafiki yangu", basi.

Sitasema mengi juu ya visa, maana mlango ule hufunguliwa na kufungwa kwa kalamu moja. Januari 2017 ilitoka amri ya kuwazuia watu wa nchi saba za Kiislamu, Januari 2021 amri hiyo ikafutwa, Juni 2025 ikatoka nyingine ya nchi nyingi zaidi, na Somalia imo mara zote mbili. Mwenye kutaka kujua hali ilivyo leo na aende ubalozini. Mimi nasema na yule aliyekwisha kupata ruhusa, naye ana mke.

Rai yangu ni hii: mji na uchaguliwe na wote wawili, na mwenye sauti kubwa zaidi awe ni yule atakayebaki nyumbani mchana. Mume ana kazi. Akifika tu ana wenzi wa kazini, ana msikiti wa Ijumaa, ana njia ya kwenda na kurudi. Mke, hasa miezi ile ya mwanzo kabla hajapata kazi wala leseni ya gari, ana kuta nne na dirisha. Huku kwetu mwanamke akiishiwa chumvi humwita jirani ukutani. Akijifungua ana mama, ana somo, ana mashangazi wa kukaa naye siku arubaini wakimkanda na kumpikia. Kule nani atamkanda? Mumewe yuko zamu ya usiku. Nimesikia habari za mabibi waliorudi Mombasa na watoto wachanga mkononi, ndoa ikabaki ya simu mpaka ikafa yenyewe, wala hapakuwa na ugomvi. Upweke ndio ulioivunja.

Mtoto wa ndugu yangu na mkewe, ambao wameoana mwaka jana, walinijia na daftari wameandika majina ya miji. Mume anataka New York. "Ami," aliniambia, "huko ndiko duniani." Mkewe ni muuguzi, mtu wa maneno machache, akanyamaza akinitazama.

Sasa New York haistahili kudharauliwa. Ni mji ambao skuli zake za serikali hufungwa siku za Idi, jambo lililoamuliwa mwaka 2015. Uko msikiti mkubwa katika barabara ya 96, uliofunguliwa mwaka 1991. Na Januari 2026 ameapishwa kuwa meya wa mji huo Zohran Mamdani, Mwislamu aliyezaliwa Kampala, jirani yetu kabisa. Tena kuna treni za chini ya ardhi zinazokwenda usiku na mchana, kwa hiyo mwanamke asiye na gari si mfungwa. Hilo la treni kwangu ni kubwa kuliko la meya, kwa kuwa mameya huondoka.

Lakini kodi! Katika kisiwa cha Manhattan nyumba ya kawaida hupangwa kwa zaidi ya dola 4,000 kwa mwezi. Ukitoka ukaenda Brooklyn au Queens hupungua, ila si kupungua kwa mtu aliyeshuka ndegeni jana. Matokeo yake mume hufanya kazi mbili na mke hufanya kazi mbili, wakawa wanaonana mlangoni, huyu akiingia na yule akitoka. Mimi New York nawapendekezea makapera. Watu waliooana mwaka jana wanahitaji kula chakula cha usiku pamoja.

Minneapolis niliufuta mimi mwenyewe katika daftari, kabla hawajaniuliza. Haki ya mji huo isemwe: Wasomali wameujenga upya mtaa wa Cedar-Riverside, wamemchagua Ilhan Omar aende bungeni tangu mwaka 2018, na mwaka 2023 baraza la mji liliruhusu adhana isikike kwa vipaza sauti katika sala zote tano. Mwislamu gani hatafurahi? Ila wastani wa baridi ya Januari huko ni kama nyuzi 9 chini ya sufuri. Na jua lake si jua letu. Sisi Maghrib hatuipotezi, mwaka mzima iko baina ya saa kumi na mbili na saa moja. Kule mwezi wa Juni jua hutua saa tatu ya usiku, na Desemba hutua saa kumi na nusu, hata mtu akichelewa kazini kidogo Alasiri imempita. Watu huzoea, najua. Lakini binti wa Pwani ambaye hajapata kuvaa soksi, kumfungia ndani miezi mitano ya theluji katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa ni kumtia majaribuni bila ya sababu.

Dearborn, karibu na Detroit, ni mji wa Waarabu, na vyakula vya halali vimejaa kila pembe. Jirani yake Hamtramck waliruhusu adhana tangu mwaka 2004. Marehemu Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alisomesha Ann Arbor, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Dearborn, tangu mwaka 1974. Baadaye alihamia Binghamton katika jimbo la New York, akafa huko Oktoba 2014, na maiti yake ikaletwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya wazee wake karibu na Ngome. Miaka arubaini Marekani, na kaburi ni la nyumbani. Nalitaja hili kwa sababu watu wawili wanaohama yafaa waambiane mapema nani atazikwa wapi, maana kusafirisha maiti ni ghali na aliyebaki ndiye atakayeulizwa.

Mji ulionipa taabu ni Houston. Bibi yangu, ambaye hakualikwa katika mazungumzo haya ila aliyasikia yote kutoka jikoni, alisema waziwazi kuwa kama ni yeye angekwenda huko. Anayo hoja. Houston kuna joto na unyevunyevu kama wetu. Mwezi wa Agosti hufika nyuzi 35 na watu wakatoa jasho kama walio Makadara. Ni mji wa bandari na mafuta, na meli huingia mpaka ndani kwa mfereji uliofunguliwa mwaka 1914. Kamba wa Ghuba ya Mexico wako sokoni. Ukitaka bahari yenyewe, Galveston iko kiasi cha kilomita 80. Katikati ya mji liko jengo la kale la benki ambalo mchezaji mpira wa kikapu Hakeem Olajuwon, mtoto wa Lagos, alilinunua mwaka 1994 na kulifanya kituo cha Kiislamu. Huyu ndiye aliyekuwa akicheza mbele ya maelfu ya watu naye amefunga Ramadhani. Na jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato. Inabaki ile ya serikali kuu tu.

Basi kwa nini sikuwapa Houston? Kwa sababu ya gari. Mji ule umetandazwa juu ya zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na mtu asiye na gari huko ni sawa na mtu asiye na miguu. Mume atachukua gari kwenda kazini, na mke atabaki na joto lake. Wakinunua la pili kuna bima ya la pili. Isitoshe, bahari ya huko si mpole: tufani ya mwaka 1900 iliua watu wasiopungua 6,000 Galveston, na ile ya Harvey, Agosti 2017, ilizamisha mitaa mizima ya Houston. Kwa watu wazima kama sisi, wenye mifupa inayouma wakati wa baridi na wasiokuwa na haraka ya kwenda popote, bibi yangu amesema kweli. Kwa hawa vijana nina shaka.

Niliowatajia ni Columbus, katika jimbo la Ohio. Mume akacheka, akasema hajapata kuuona katika sinema. Ndio hivyo. Ni makao makuu ya jimbo, wenye watu zaidi ya 900,000, wenye chuo kikuu kikubwa, na kodi ya nyumba yake haimfanyi mtu akimbizane na usiku na mchana. Januari yake huzunguka sufuri, baridi hasa, lakini si ya Minneapolis. Wasomali wa huko ni wengi, wa pili nchini baada ya Minnesota. Na miongoni mwa waliofika kutoka Somalia wapo watu wa Barawa, wasemao Chimwini.

Wasomaji wa Mombasa hawahitaji kuelezwa Wabarawa ni nani. Walipokimbia vita mwaka 1991 wengi wao walishukia kwetu kwa majahazi, wakaishi katika kambi hapa Mombasa, watoto wao wakacheza na wetu, mpaka wakachukuliwa Marekani. Chimwini ni ndugu wa Kiswahili chetu. Ukisikiliza kwa utulivu nusu utaifahamu, na nusu nyingine utaikisia. Na mke wa Kibarawa ajua uzazi ni nini, ajua mgeni wa mtaani hapelekewi salamu tupu bila ya sahani. Kwangu mimi hawa ndio walioutia Columbus mbele ya miji yote. Msikiti mzuri waweza kuupata katika miji mingi ya Marekani. Jirani wa kukaa nawe siku arubaini hapatikani mingi.

Bahari hakuna, hilo sikulificha. Kaskazini liko ziwa Erie, mwendo wa saa mbili, maji baridi yasiyo na chumvi. Tui litakuwa la kopo. Wakisali wataelekea kaskazini-mashariki badala ya kaskazini tuliyoizoea.

Yule binti ndipo aliposema. Aliniuliza mambo mawili. La kwanza, kama cheti chake cha uuguzi kitafaa. Nikamjibu kwamba leseni ya muuguzi Marekani hutolewa na jimbo, si na Washington. Atapaswa kufanya mtihani uitwao NCLEX, na kwa hiyo ni lazima ajue jimbo lake kabla ya kujaza fomu. Ohio, tangu Januari 2023, imo pamoja na Texas katika mapatano ya majimbo yanayotambuliana leseni za wauguzi wakaao humo. New York haimo. La pili, kama kutoka nyumbani mpaka kwa hao Wabarawa mtu aweza kwenda kwa miguu.

Nilimwambia hilo linategemea nyumba watakayopanga, na kwamba asikubali mumewe atie sahihi mkataba wa nyumba kabla hajapata jibu lake. Mume angali akiitaja New York. Lakini fomu za mtihani ziko mkoba wa mkewe, na palipoandikwa jimbo naona ameshaanza kwa herufi ya O.