Kadi ya Chama Haimo Katika Nguzo za Nikaha



Vuli imeingia. Kusi limelegea, bahari imetulia, na mawingu yameanza kutuchezea: jua kali mchana, ghafla mvua, dakika kumi baadaye jua tena. Maembe yameanza kushuka Darajani. Kwa ndugu zetu wa Pemba karafuu ziko majamvini, jicho moja kwenye karafuu na jicho jingine mawinguni. Na sisi mafundi tumeingia katika miezi yetu. Kuanzia sasa hadi Shaaban harusi zinafuatana, na kila bibi harusi anataka nguo ya nikaha, ya kesha na ya kupambwa, zote juzi. Umeme ukikatika tunarudi kwenye cherehani ya kupiga kwa miguu, na mvua ikinyesha lesi iliyofuliwa inakaa siku mbili kwenye kamba bila kukauka.

Vuli hii pia ni ya uchaguzi. Tangu vyama vingi virudi, Wazanzibari tunakwenda kwenye kura za uchaguzi mkuu mwezi wa Oktoba, na mwaka huu wa 2025 siku yenyewe ni tarehe 29. Kwa hiyo vitu viwili vinagongana: msimu wa harusi na msimu wa kampeni. Tunataka tuyaseme leo yale tunayoyaona kutoka upande wetu wa meza ya kukatia, kwa sababu mwanasiasa hayaoni na sheikh hayafiki yote.

Tuanze na rangi

Kwa mtu wa nje hii itakuwa kichekesho. Kwetu si kichekesho hata kidogo. Kijani na njano ni CCM. Zambarau ni ACT-Wazalendo. Sasa mwambie bibi harusi achague rangi ya sare mwezi wa Oktoba!

Tumeshaona sare ya kijani cha mnanaa, rangi nzuri, laini, inayopendeza kila ngozi, ikakataliwa na upande wa bwana harusi kwa maneno haya: "Sisi hatuvai nguo za watu." Ikaletwa zambarau ya bilingani, upande wa bibi harusi nao wakasema hawaendi shughulini wakaonekana wamehama. Mwisho wake familia mbili zikakutana kwenye rangi ya maziwa, ambayo mchuzi wa biriani ukidondoka unaonekana mpaka mtaa wa pili. Kitambaa kilikuwa kimeshanunuliwa Mchangani, na hela ya watu haikurudi.

Tulicheka, lakini tulicheka kwa uchungu. Kijani ni rangi ya majani na zambarau ni rangi ya ua la bustanini, zote ameziumba Mwenyezi Mungu kabla ya kuzaliwa katibu wa chama chochote. Tukifika mahali mwanamke anaogopa rangi katika siku yake ya furaha, basi ugonjwa hauko kwenye kitambaa.

Ugonjwa huu si mpya

Wazee wetu wana jina la kile kipindi cha kuanzia 1957 hadi 1963. Wanakiita zama za siasa. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 watu walisusiana maduka, walisusiana mabasi, walisusiana mpaka mazishi. Jirani aliyekula nyumbani kwako mwaka mzima hakuja kukushika mkono ulipofiwa. Ilipofika Juni 1961 siku ya kura iligeuka ghasia na watu 68 wakapoteza maisha.

Baada ya 1995 yakarudi yale yale, hasa Pemba na baadhi ya mitaa ya Unguja. Huyu hamuuzii yule, huyu haolewi kule, msiba huu ni wa chama fulani. Januari 2001 zaidi ya watu 30 waliuawa katika maandamano, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Wako wasomaji wetu ambao baba au kaka yao yumo katika hesabu hiyo. Hatuwaambii wasahau. Mtu haambiwi asahau mtu wake.

Lakini tuikumbuke pia vuli ya 2010. Mwaka uliotangulia Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikaa wakazungumza. Julai 31, 2010 tukaulizwa kwa kura ya maoni kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, na takriban thuluthi mbili wakasema ndiyo. Uchaguzi wa Oktoba ukapita kwa utulivu. Wakati ule sisi tulikuwa bado tunajifunza ushoni, mikono ikitutetemeka kwenye mkasi, na tunakumbuka namna harusi za mwaka ule zilivyokuwa. Watu waliokuwa hawasalimiani walikaa kwenye jamvi moja wakakata vitunguu. Hakuna aliyebadilishwa chama. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliweza kuingia nyumba ya mwenziwe bila kuulizwa.

Basi tunajua inawezekana, maana tumeiona.

Jambo zito: talaka ya kura

Rangi ya sare ni mzaha ukilinganisha na hili. Baada ya uchaguzi wa 2015 vyombo vya habari na watetezi wa haki za wanawake waliripoti visa vya wanawake wa Zanzibar walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura. Kosa lao lilikuwa kwenda kupiga kura walipokatazwa, au kumpigia asiyetakiwa na mume. Uchaguzi wenyewe ulifutwa, ukarudiwa Machi 20, 2016. Kura zikafutwa, talaka zikabaki. Wamo waliorudi kwao na watoto kwa ajili ya karatasi ambayo mwisho wake haikuhesabiwa.

Dada yetu unayeolewa vuli hii, tulia hapa.

Nguzo za nikaha tunazijua, tumefundishwa chuoni tangu tukiwa wadogo: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahari ni haki yako juu yake. Tafuta mote, hutakuta kadi ya chama. Mwanamume anayeweka sharti ambalo dini haikuliweka, kisha akaivunja nyumba kwa sharti hilo, asijifiche nyuma ya dini.

Yako maneno yanayosemwa kwenye mabaraza kwamba mke mwema anapiga kura anayoambiwa na mumewe, kwa kuwa kumtii ni wajibu. Sisi si wanachuoni, lakini Qur'ani tunaisoma. Katika Suratul Mumtahina, aya ya 12, Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, anaamrishwa apokee kiapo cha utii cha wanawake waumini wanapomjia. Waliojia ni wao wenyewe, na ahadi waliitoa kwa ndimi zao. Hawakuambiwa warudi nyumbani, waume zao watawaapia. Kura ni ushahidi na amana, na siku ya hesabu kila mtu atasimama na amana yake. Mume hatakuwepo kukujibia.

Tena kura ni ya siri. Ile karatasi unaikunja mwenyewe, ndani ya kile kituturi uko wewe na Mola wako. Hulazimiki kumwambia mtu yeyote, wala hulazimiki kusema uongo. "Nimeshapiga, Mungu atujaalie kheri" ni jibu kamili.

"Basi si bora tukae kando?"

Wako wanaotuambia siasa si mambo yetu, tuwaachie wanaume wapigane, sisi tushone na kupika. Tunawaheshimu, ila hatukubaliani nao.

Mwaka 1957 wanawake wa Zanzibar hawakuwa na haki ya kupiga kura. Waliipata baadaye, na mwaka 1961 bibi zetu walisimama kwenye foleni na mabuibui yao juani. Hawakusimama ili wajukuu wao waseme hayatuhusu. Leo Rais wa Jamhuri ya Muungano ni mwanamke mwenzetu, mtoto wa Makunduchi, Samia Suluhu Hassan. Uwe unamuunga mkono au unampinga, huwezi tena kusema siasa haina nafasi ya mwanamke wa kisiwani mwenye mtandio kichwani.

Na mambo ya siasa ni yetu kuliko tunavyodhani. Ushuru wa bandarini ukipanda, bei ya lesi na satini Mchangani inapanda wiki ile ile, na bibi harusi anakuja kutulalamikia sisi. Umeme ukikatika siku tatu, kazi yetu inalala. Wodi ya wazazi ikikosa vifaa, anayelala chini ni mwanamke. Kwa hiyo wagombea wakipita mtaani, tusipokee doti ya kanga tukaishia hapo. Kanga tuchukue, ni stara. Kisha tuulize: mikopo ya wajasiriamali wadogo inatoka kwa utaratibu gani? Maji mtayaleta lini? Binti aliyemaliza kozi ya ufundi atapata wapi soko? Mtu asiyeweza kujibu maswali hayo mbele ya wanawake kumi barazani, kanga yake haitamsaidia.

Mambo machache kwa maharusi wa vuli hii

Kwanza, tarehe. Siku za karibu na kura watu wengi husafiri kurudi walikojiandikisha, na meli za Pemba zinajaa. Ukiweza, sogeza shughuli mbele au nyuma kwa wiki mbili. Kama ukumbi umeshaulipia, zungumza mapema na mwenye ukumbi, na makubaliano yenu myaandike.

Pili, sare. Chagua rangi uipendayo, na ukihisi itawatia watu maneno, changanya. Kijani na dhahabu iliyokoza, zambarau na waridi, na ua jeupe juu yake. Fundi mzuri atakutoa kwenye kampeni bila kukutoa kwenye pambo.

Tatu, muziki. Mwambie anayepiga muziki asithubutu kuweka nyimbo za kampeni, hata zikiwa na mdundo mtamu. Wimbo mmoja unatosha kuwainua mawifi nusu waondoke kabla ya chakula.

Nne, kundi la WhatsApp la harusi libaki la harusi. Michango, vipimo, usafiri. Picha za mikutano ziende kwingine. Suratul Hujurat, aya ya 11 na 12, inatukataza kudharauliana, kuitana majina ya kejeli, kudhaniana vibaya na kusengenyana, na ndani yake wanawake tumetajwa mahsusi tusiwadharau wanawake wenzetu. Kejeli ya chama nayo ni kejeli.

Tano, mialiko. Usimfute mtu kwenye orodha kwa sababu ya bendera iliyo juu ya paa lake. Kuitikia mwaliko ni katika haki za Muislamu kwa Muislamu mwenzake, na tumefundishwa kuwa si halali kumhama ndugu yako zaidi ya siku tatu. Uchaguzi ni kila miaka mitano. Ukimnunia mtu kwa uchaguzi, umenuna muda gani?

Sita, na hili ndilo kubwa: zungumza na mchumba wako kabla ya nikaha, mbele ya watu wenu wa heshima. Muulize wazi, "Tukitofautiana katika kura, utafanya nini?" Akicheka akasema kila mtu na moyo wake, mshukuru Mungu. Akikunja uso akasema nyumba yake haina kura mbili, mwambie walii wako leo, usingoje Oktoba ya 2030. Na wewe uliyekwisha olewa, ukitamkiwa maneno ya talaka yaliyofungwa kwenye kura, usiyachukulie mzaha wala usiamue peke yako. Nenda kwa mwanachuoni anayeaminika, na ikibidi nenda Mahakama ya Kadhi. Ndoa si kitu cha kuachwa kining'inie kwenye matokeo ya jimbo.

Sisi hapa tutaendelea kumshonea kila anayekuja na kitambaa chake. Tunapima kifua, kiuno na urefu wa mkono, na katika miaka yote hii hatujakutana na kipimo cha chama. Upatu wetu wa Ijumaa una wanawake wa kila upande. Anayepokea wiki hii akiwa na msiba, wote tunakwenda kumpikia, na sahani zinaoshwa bila kuulizana.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aipitishe vuli hii kwa amani Unguja na Pemba na Tanzania nzima, awape waliodhulumiwa haki yao, awape viongozi wetu hofu ya kumcha Yeye, na awajaalie maharusi wetu nyumba zenye mapenzi na huruma. Mkapige kura, dada zetu. Mkitoka huko mwende harusini.

Wabillahi tawfiq.