Bamama wakimbie, siye tubakie na batoto



Kila mara tukipanga michezo kazini, ekipi ya mupira ya wanaume inapewa viatu, majezi na bisi. Bamama wanapewa nini? Wanapikia wachezaji. Kisha tunasema: mwanamuke mwenye batoto hana nguvu ya kukimbia mbali.

Si kweli. Edna Kiplagat wa Kenya ni mama, tena ni polisi. Alishinda maratoni ya ubingwa wa dunia mwaka 2011 kule Daegu, akashinda tena 2013 kule Moscow. Maratoni inapita kilometa 42! Bwana yake, Gilbert Koech, naye alikuwa mukimbiaji, na ndiye anamufundisha. Mama huyu hakufika pale peke yake.

Kwetu nguvu iko. Saa ndiyo inakosekana. Bwana akitoka kazi ya usiku analala. Bibi anachota maji, anapeleka batoto ku masomo, anaenda soko. Atakimbia saa ngapi?

Mimi mwenyewe, siku bibi yangu aliniambia anataka kukimbia asubuhi na wenzake, nilimucheka. Leo naona haya. Sasa mara mbili kwa juma, nikitoka usiku, naogesha batoto kwanza, ndipo nalala. Sijakufa.

Kwa hiyo inaomba sendika iandike mu madai ya mwaka huu: viatu na usafiri wa bamama wanaokimbia, sawa na ekipi ya mupira. Delege atakayesema haina maana, aulize kwanza bibi yake.