Kusomea dini si kuuza ng'ombe bure



Wapendwa taifa la Mungu, kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, husikika hapa Somanda swali moja linaloulizwa kwa dharau. Kijana akisema kwamba angependa kwenda chuo kikuu kusomea dini, wazee humwuliza: "Kwani unataka upadre?" Akiwa binti haulizwi hata hilo, huchekwa tu. Kisha hutolewa hukumu: kusomea dini ni kuuza ng'ombe bure.

Nasema wazi kwamba mawazo hayo yanapingana na mafundisho ya Kanisa. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati yake Gaudium et Spes, ulitamani walei wengi wapate malezi ya kutosha katika taaluma takatifu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 229, zinakwenda mbali zaidi: walei wana haki ya kusoma taaluma hizo katika vyuo vikuu vya Kanisa na kupata shahada, tena wanaweza kupewa idhini ya kuzifundisha. Hiyo ni haki, wapendwa. Si hisani ya paroko.

Wapo wanaosema kwamba elimu hiyo huharibu imani. Je, iliiharibu imani ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Paris katika karne ya 13? Tutazame nyumbani. Padre Charles Nyamiti wa Tabora alitumia maisha yake kueleza namna Mwafrika anavyoweza kumwelewa Kristo kama Mhenga wetu. Padre Laurenti Magesa wa Musoma, jirani yetu, alichapisha mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya dini ya Kiafrika na maadili yake. Wote wawili walifundisha Nairobi, na wote wametangulia mbele ya haki: Nyamiti mwaka 2020, Magesa mwaka 2022. Lakini wote walikuwa mapadre. Mlei wetu yuko wapi?

Kwetu sisi hili si jambo la maktaba. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hasa kuanzia mwaka 2007. Nyuma ya maovu hayo yupo mpiga ramli, na wanaobisha hodi kwake si wapagani peke yao. Wamo wanaopokea Komunyo Dominika asubuhi na kupigiwa ramli Jumatatu usiku. Mahubiri ya dakika kumi na tano hayang'oi mzizi huo. Anahitajika mtu aliyesoma Maandiko kwa kina, akasoma pia mila za Wasukuma, akajua lipi katika heshima kwa wahenga linapatana na Injili, na lipi ni uuaji uliovikwa joho la mila. Mtu huyo akiwa mama au kijana anayeishi katika jumuiya ndogondogo, atasikilizwa mahali ambapo padre hafiki.

Mtauliza: atakula nini? Swali hilo ni la haki, nami silikwepi. Ajira ni chache. Lakini ni nani aliyezifanya kuwa chache? Mwaka 2021 Papa Fransisko aliifanya kazi ya katekista kuwa huduma rasmi katika Kanisa. Sisi tungali tunadhani kwamba katekista anaweza kuishi kwa shukrani. Vipindi vya dini shuleni tunamwachia yeyote mwenye nafasi, halafu tunashangaa vijana wanapohamia kwa kila mhubiri mpya anayefunga vipaza sauti sokoni.

Tumechanga mabati, tumechangia jubilei na pilau lake, na Mungu alizipokea sadaka hizo. Sasa naiomba Halmashauri ya Walei itenge sehemu ya michango ya msimu huu wa pamba imsomeshe mlei mmoja tu wa parokia yetu teolojia au masomo ya dini hadi shahada. Binti mwenye uwezo asipitwe kwa kuwa ni binti. Sharti liwe kwamba atarudi kutufundisha. Na sharti letu sisi liwe kwamba atakaporudi tutamlipa mshahara wa mwalimu.