Buibui Kaa wa Ruiru: Tutajuaje Tunachokipoteza?

Mwezi uliopita nilikwenda Ruiru kumzuru mwana wa kaka yangu, kijana aliyeondoka Mombasa kufuata kazi ya kiwandani Thika. Kanunua ploti, hamsini kwa mia, upande wa mashariki wa mji, na alitaka niione kabla ya kuchimba msingi. Tuliikuta ni nyasi kavu tupu. Juu ya ua moja la manjano aliketi buibui mdogo wa rangi hiyo hiyo, miguu ya mbele kaifungua mfano wa kaa. Nilipomsogezea kijiti alikwenda upande. Nikacheka, maana sisi tuliolelewa ufukweni tunaujua mwendo ule.

"Ami, muache huyo," akanambia. "Wiki ijayo trekta linapita hapa."

Maneno yale yamenikaa moyoni, ndugu msomaji, na ndiyo sababu ya makala haya.

Buibui wa jamii hii, ambao twaweza kuwaita buibui kaa, hawategi utando kama wale wa darini kwetu. Huvizia juu ya ua au kwenye jani la nyasi, na mdudu akitua humkamata kwa ile miguu ya mbele. Wengine huweza kubadilika polepole kutoka weupe hadi manjano kufuata rangi ya ua. Ulimwenguni zimetambuliwa aina zaidi ya 2,000, na baadhi yao huishi katika nyasi za nchi kavu zenye mchanga na si kwingineko. Nyasi hizo zikiondoka, nao huondoka.

Sidai kwamba yule wa Ruiru ni adimu. Hoja yangu ni kwamba kiumbe hawezi kuitwa adimu mpaka awepo mtu wa kumhesabu, na trekta limemtangulia mwenye kuhesabu.

Tazama kasi ya mambo. Barabara kuu ya Thika ilifunguliwa rasmi Novemba 2012. Katika sensa ya 2009 mji wa Ruiru ulikuwa na watu 238,858. Ile ya 2019 ikawakuta 490,120. Mashamba ya kahawa yamekatwa vipande, na nyanda kavu za kuelekea Juja na mashariki ya Thika zawekwa vigingi vya ploti kila uchao. Simlaumu mnunuzi. Mwanangu yule analipa kodi ya nyumba kila mwezi na ana haki ya kutaka paa lake. Lakini nyasi kavu hazina mtetezi. Msitu ukikatwa watu hupiga kelele. Nyasi zikichimbwa husemwa kwamba uwanja ulikuwa mtupu.

Wenzetu Uingereza wana kisa cha kutufunza. Katika rasi ya Swanscombe, karibu na London, palipangwa kujengwa bustani kubwa ya burudani. Ardhi ile ilikuwa ya viwanda vilivyokufa, kavu na nusu tupu. Lakini alikuwapo buibui mrukaji mdogo ambaye nchini humo alijulikana kuishi sehemu mbili tu. Kwa ajili yake, pamoja na ndege, mimea na wadudu wengine, eneo lile lilitangazwa kuwa la hifadhi mwaka 2021, na mwaka uliofuata kampuni ikaondoa maombi yake. Buibui yule alisaidia kwa sababu alikuwa ameandikwa daftarini kabla ya mjengaji kuja.

Hata kwetu Pwani tumeliona. Ulipoletwa mpango wa kulima mibono ya mafuta kwenye maelfu ya hekta za msitu wa Dakatcha, Kaunti ya Kilifi, wenyeji na wahifadhi waliupinga. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa ndege aina ya kwera anayepatikana Kilifi peke yake duniani. Mpango haukuendelea. Ndege yule alikuwa na jina na ramani yake. Buibui wa nyasi hana.

Wataalamu hatujawakosa. Mwaka 2005 Charles Warui na wenzake walichapisha utafiti wa buibui katika mbuga za Laikipia, ulioonyesha kwamba palipolishwa ng'ombe aina za buibui zilipungua. Maana yake, buibui ni kipimo cha afya ya nyasi. Pale Juja, katikati ya Ruiru na Thika, pana Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Kasarani, kando ya barabara hiyo hiyo, pana kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe. Nairobi pana Makumbusho ya Taifa. Wajuzi wako mwendo wa matatu moja kutoka kwenye vigingi.

Sheria nayo ipo. Ibara ya 69 ya Katiba inalitaka taifa lilinde bayoanuwai na liwe na mfumo wa kutathmini athari kwa mazingira. Basi kaunti zisikubali mradi mkubwa wa kugawa ardhi mpaka viumbe wadogo wahesabiwe, wakati wa kiangazi na wa mvua pia. Na kila mradi uache ukanda wa nyasi zake za asili, usiopandwa ukoka wa kununua.

Nasema haya nikiitazama Kilifi na Malindi, ambako nyanda zetu za mchanga zaanza kuwekwa vigingi vile vile. Tukiona tathmini ya mradi imetangazwa, tuisome, tuulize nani alihesabu na alihesabu nini.

Mwanangu amenipigia juzi. Msingi umekwisha. Pembeni kaacha futi kumi za nyasi bila kuzigusa. "Kwa ajili ya kaa wako, Ami," alisema. Ni kidogo, lakini amefanya bila kulazimishwa na mtu, na kaunti yenye sheria mkononi yaweza kufanya zaidi.