Mugumo wa Thika na Ziwa la Kezilahabi

Mwezi uliopita kijana wa jirani yangu hapa Ruiru, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya upande wa Thika, aliniletea karatasi mbili za utunzi akitaka rai yangu. Ya kwanza ilikuwa shairi kuhusu babu yake, aliyesimama kimya akitazama mikahawa iking'olewa ili shamba lipimwe viwanja. Katikati ya shairi hilo ulizuka mti wa mugumo, ambao bibi yake humsimulia, ukianguka pasipo mtu kuukata. Chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hakuna vina. Hakuna mizani. Andika upya." Karatasi ya pili ndiyo iliyoandikwa upya: beti sita za tarbia, vina vya kati na vya mwisho vimetulia, mizani kumi na sita katika kila mshororo, na mada yake ni bahari, ngalawa na nahodha. Alama: 17 juu ya 20. Nilimuuliza kijana kama amewahi kuiona bahari. "Hapana, Mwalimu," akanijibu, "lakini huwa inafaa."

Simlaumu mwalimu yule, kwani sote tumelelewa na mtaala uleule. Ila jibu la kijana limenikumbusha mshairi ambaye angeielewa karatasi ya kwanza bila ya kufafanuliwa, na ambaye tunamfundisha kila mwaka pasipo kumsoma. Namkusudia Euphrase Kezilahabi, aliyefariki dunia Januari 2020.

Mwanafunzi wetu humjua kwa fasili moja tu: mtunzi wa mashairi huru, yaani mashairi yasiyozingatia arudhi. Tazama jinsi fasili hiyo ilivyo maskini. Inamweleza mtu kwa alichokosa. Ni sawa na kusema kwamba ziwa ni bahari isiyo na chumvi, kisha ukadhani umelieleza ziwa.

Na ziwa ndilo mahali pa kuanzia. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Kiswahili alikikuta baadaye, kama alivyokikuta mtoto wa Gatundu au wa Kisii. Alisoma katika seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku shuleni nchini Tanzania kabla ya kuja kukubalika. Mwaka 1974 akatoa diwani ya Kichomi, na hapo ndipo ugomvi mkubwa ulipoanza.

Ili kuuelewa ugomvi huo yafaa tukumbuke hali ya ushairi wakati ule. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amekwisha kuandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, na wengi walizichukua sheria hizo kama mipaka ya ushairi wenyewe. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ushairi ukawa chombo cha kueneza siasa. Ngonjera za Mathias Mnyampala zilighaniwa mashuleni na mikutanoni, na chama cha washairi kikaitwa UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. (Jina hilo sikulitunga mimi.) Katika mazingira hayo akatokea kijana wa miaka thelathini na diwani isiyo na vina, yenye shaka badala ya sifa, na dibaji inayoutetea mtindo huo waziwazi. Wakongwe walighadhibika. Walisema huu si ushairi wa Kiswahili bali ni uigaji wa Wazungu.

Shutuma hiyo ndiyo iliyodumu, nami nadhani imekosea tangu mzizi. Kezilahabi hakuikimbia mila ili aende Ulaya. Aliipita mila moja ili aifikie nyingine iliyo kongwe zaidi. Nyimbo za kazi, za mazishi na za kubembeleza watoto katika lugha nyingi za Kibantu hazihesabu mizani wala hazitafuti vina. Mapigo yake hutoka katika marudio, katika pumzi ya msemaji na katika mkazo wa maneno. Mulokozi na Kahigi walilitetea jambo hili katika Kunga za Ushairi mwaka 1979, na sina haja ya kurudia hoja zao. Nitaongeza ya fani yangu tu. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Vitenzi vyake aghalabu huishia kwa -a, na viambishi vya kauli, kama vile -ana na -isha, humletea mtunzi vina mkononi kabla hajaanza kufikiri. Pendana, gombana, kutana, achana: ubeti umekwisha kupatikana, na hatujasema lolote. Ndiyo maana mtunzi hodari wa arudhi ni adimu sana, na mtunzi wa vina vitupu utampata katika kila darasa.

Wala asidhani mtu kwamba mwasi huyu hakuujua urithi alioupinga. Tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilikuwa juu ya Shaaban Robert.

Kilichomfanya aache vina ni kile alichotaka kukisema. Tazama majina ya diwani zake tatu. Kichomi ni yale maumivu makali ya kifuani yanayomkata mtu pumzi; jina limetokana na kitenzi choma, na msomaji anayavuta maumivu hayo kila anapolitamka. Karibu Ndani (1988) ni maneno ya mlangoni ambayo kila mmoja wetu huyasema kila siku. Dhifa (2008) ni karamu. Hakuna hata moja linalohitaji kamusi, na hata hivyo kila moja linafungua mlango wa fumbo. Katika shairi lake "Upepo wa Wakati", upepo na mawimbi ndiyo yanayobeba hoja kuhusu maisha ya binadamu, na ni mawimbi ya mtu aliyekulia kando ya maji, anayejua yanavyoinuka na yanavyokufa. Mandhari ya shambani na ziwani kwake hayakuwa pambo. Aliyatumia kufikiria.

Hali kadhalika visasili. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya mbili fupi ambazo nazisoma kama mashairi marefu, kuna paa anayewindwa na asikamatike, kuna ngoma kuu, kuna wazee na safari zisizo na ramani. Mzingile ni neno la zamani la njia zinazopotezana. Kezilahabi aliyachukua masimulizi ya kale akayakutanisha na falsafa ya Ulaya aliyoisoma hadi akapata uzamifu kule Wisconsin, Marekani, mwaka 1985. Wasomaji wengi walilalamika kwamba hawaelewi, na hata mimi zipo kurasa za Mzingile ambazo sijazifungua bado, ingawa nimezisoma mara nne.

Sasa nirudi Thika. Mji huu una kisasili chake ambacho mshairi wa Ukerewe angekionea kijicho. Mugo wa Kibiru, mwaguzi wa Wakikuyu wa karne ya 19, inasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni wenye ngozi kama ya vyura na mavazi kama mabawa ya vipepeo, na nyoka wa chuma atakayevuka nchi. Akasema pia kwamba mugumo wa Thika utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Wakoloni, kwa mujibu wa masimulizi, waliuzungushia mti huo kinga ili usianguke. Ulianguka mwaka 1963. Mahali ulipokuwa ni bustani leo, na wanafunzi hupita kando yake wakienda kununua viatu.

Kuna Kilimambogo upande wa mashariki, ambao jina lake ni shairi la maneno mawili. Kuna maporomoko ya Chania. Kuna kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru, kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na kuna mashamba makubwa ya kahawa yaliyokizunguka ambayo tumeyaona yakigeuka nyumba za kupanga. Dunia imeijua Thika kupitia The Flame Trees of Thika, kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, kumbukumbu za binti wa walowezi. Je, ni diwani gani ya Kiswahili inayotujulisha Thika? Kithaka wa Mberia na Alamin Mazrui wameonyesha kwamba hata Kenya mashairi huru yanaweza kusimama. Hata hivyo, tunawafundisha watoto wa Thika kwamba shairi la kweli lina ngalawa.

Mtu atasema mtihani unataka arudhi. Unataka, na ni haki kuifundisha. Muyaka bin Haji aliitumia arudhi akasema yaliyokuwa mbele ya macho yake, vita vya Mombasa, jirani zake na bahari yake. Lakini mtihani huohuo, karatasi ya tatu, kwa miaka mingi umeleta mashairi huru pia na kuuliza juu ya nafsineni, toni na taswira. Mwanafunzi ambaye hajaruhusiwa kutunga shairi la namna hiyo atalijibia vipi, isipokuwa kwa kukariri kwamba halina vina?

Kijana nilimshauri asiitupe karatasi ya kwanza, nikampa nakala yangu ya Kichomi. Jumapili iliyopita aliirudisha. Alisema hakuelewa mashairi mengi, lakini aliniuliza kama Ukerewe nako watu hung'oa mikahawa. Kisha akataka kujua kama bibi yake akimsimulia ule mugumo kwa Kikuyu, naye akauandika kwa Kiswahili, shairi hilo litakuwa la nani.