Tsunami ni ya Mungu, Ukimya ni wa Serikali

Leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala Katiba mpya. Leo naandika kuhusu bahari, ingawa mkinivumilia mpaka mwisho mtaona nimerudi palepale.

Mimi ni mtoto wa Pangani, nasoma sheria hapa Dar. Tarehe 26 Desemba 2004 nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mjomba wangu, mvuvi wa miaka mingi, siku hiyo alikuwa Dar. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, ufukwe umejaa vijana na watoto. Mwezi ulikuwa mpevu, siku za bamvua. Mjomba anasimulia kwamba mchana maji yalikuwa yameshaanza kujaa, halafu ghafla yakageuka na kurudi nyuma, mitumbwi ikabaki imekaa kwenye mchanga. Watoto wakayakimbilia kwa furaha. Kisha maji yakarudi, na hayakurudi kwa upole.

Watanzania zaidi ya kumi walikufa siku ile, wengi wao waliokuwa wanaogelea. Kila mjomba akimaliza kusimulia husema sentensi moja: "Hakuna aliyetuambia kitu."

Miaka yote nilidhani hiyo ni huzuni tu ya mzee. Nilipoanza kusoma sheria nikagundua kwamba ni mashtaka.

Hebu tuangalie saa. Tetemeko la Sumatra, lenye ukubwa wa 9.1, lilipiga saa 10 kasoro dakika 2 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Ilipofika kama saa 12 asubuhi, mawimbi yalikuwa yanaua watu Sri Lanka, India na Thailand. Huku kwetu yalifika baada ya saa 6 mchana. Yaani kuanzia watu walipokufa kule mpaka walipokufa wetu, kulikuwa na saa sita hivi. Saa sita! Kwa saa sita unatoka Dar mpaka Tanga kwa basi, unakunywa chai, na muda unabaki wa kuwatoa watu majini mmoja mmoja.

Sasa wapo watakaosema tsunami ni kazi ya Mungu. Nakubali, ila nusu tu. Acha nieleze inavyofanya kazi, maana hawa jamaa wanapenda kujificha nyuma ya ujinga wetu.

Ganda la dunia limegawanyika mabamba. Kule Sumatra bamba moja linazama taratibu chini ya lingine, na pale yanaposhikana mkandamizo unajikusanya kwa mamia ya miaka. Siku ile palipoachia, mpasuko ulikimbia zaidi ya kilomita 1,200 na sakafu ya bahari ikainuka kwa ghafla. Ikiinuka sakafu, maji yote yaliyo juu yake yanainuka pia, toka chini mpaka juu. Hapo ndipo tsunami inapotofautiana na mawimbi ya upepo tuliyozoea, ambayo yanacheza juujuu. Kwenye kina kirefu inakwenda kilomita 700 hadi 800 kwa saa, kasi ya ndege ya abiria, huku urefu wake ukiwa hata mita moja haufiki. Nahodha anaweza kupitiwa nayo chini ya meli asijue. Ikikaribia pwani, maji yanapungua kina, mwendo unapungua, na nguvu yote ile inapanda juu. Kule Aceh kuna sehemu maji yalipanda mpaka mita 30 hivi.

Na haiji mara moja. Inakuja kwa mfululizo, kati ya wimbi na wimbi dakika kadhaa au hata saa nzima, na wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Wengi hufa kwa sababu walishuka tena ufukweni kutafuta vitu vyao baada ya lile la kwanza. Watu wapatao 230,000 waliondoka siku ile katika nchi zinazofika 14.

Hayo ndiyo ya Mungu. Sasa ya binadamu.

Karibu kabisa na kitovu cha tetemeko kuna kisiwa kinaitwa Simeulue. Kina watu kama 78,000. Waliokufa ni 7. Kwa nini? Kwa sababu mwaka 1907 walipigwa na tsunami, na tangu hapo bibi wakawa wanawasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbieni mlimani, msisubiri. Walilipa jina, smong. Asubuhi ile jina likapita kijiji kwa kijiji, watu wakapanda.

Jirani zetu Kenya habari ziliwafikia, wakawatoa watu kwenye fukwe. Alikufa mtu mmoja. Somalia, ambako wakati ule hakukuwa na serikali ya kumwambia mtu chochote, walikufa karibu 300. Sisemi tofauti yote ni tahadhari. Miamba, umbo la pwani na mwelekeo wa wimbi vina sehemu yake. Lakini mtu ambaye hayuko majini hazami, na hilo halihitaji profesa.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, naomba muishike. Watu wa Simeulue walionywa na ardhi yenyewe. Sisi tuko kilomita kama 6,000 kutoka Sumatra, tetemeko la kule halitikisi hata kikombe mezani kwetu. Ardhi haituambii. Kwa hiyo tsunami ya mbali Mtanzania anaweza kuijua mapema kwa njia moja tu: aambiwe na mwenye mitambo ya kujua. Mwenye mitambo ni serikali. Yeye akinyamaza, hakuna bibi wala busara ya mvuvi itakayotuokoa, isipokuwa dakika chache za mwisho maji yakirudi nyuma.

Likizo iliyopita niliingia ofisi moja ya serikali ya mtaa huko pwani, sitaitaja. Nikauliza tahadhari ikija leo, hapa inapokelewa na nani, na watu wakimbilie wapi? Nikaambiwa, "Binti, hayo mambo ni ya Indonesia."

Ya Indonesia? Mwaka 2020 ilichapishwa taarifa ya wanasayansi waliochimba palepale Pangani kwetu. Walikuta tabaka la mchanga wa baharini, na ndani yake mabaki ya watu, katika eneo la kijiji cha kale cha wavuvi. Umri wake kama miaka 1,000. Hitimisho lao ni kwamba tsunami ilikifunika kijiji kile, na kwamba hatari kwa Afrika Mashariki ni kubwa kuliko tulivyodhani. Wale waliolala chini ya mchanga ni watu wetu. Na tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilitokea baharini si mbali na Dar, watu wakakimbia maghorofani. Halikuleta tsunami, tunashukuru. Ila kushukuru si mpango.

Kuna wanaosema uwezo hamna. Huo ni uongo. Tangu 2004 ulijengwa mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi, na taarifa zinafika nchini kupitia TMA. Aprili 2012 Sumatra ilipotikisika tena kwa 8.6, tahadhari ilitolewa bahari nzima. Bahati nzuri mabamba yalisuguana kwa ubavu, sakafu haikuinuka sana, ikapita salama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuja, TMA walitangaza mapema na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Hongera yao, nasema bila kinyongo. Maana yake taarifa mpaka Dar inafika. Kinachokosekana ni safari ya mwisho, kutoka ofisini mpaka kwa mama anayekaanga samaki ufukweni.

Na kuhusu safari hiyo msituambie haiwezekani. Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima siku ya uchaguzi. Iliporudi, simu za watu zikaingia ujumbe wa kuwaonya wasisambaze picha. Hivyo kumbe njia ya kumfikia kila mwenye simu ipo! Ya kututisha ipo, ya kutuokoa ndiyo tunaambiwa bado inafanyiwa upembuzi yakinifu.

Tuje kwenye sheria. Ibara ya 14 ya Katiba inatupa haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yetu kutoka kwa jamii. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yetu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kuwe na kamati za maafa mpaka ngazi ya chini. Kwenye karatasi tuko vizuri mno. Ila kwenda mahakamani kwa niaba ya wavuvi kuliwahi kuwekewa kigingi. Mwaka 2020 Bunge lilibadilisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu, ikawa unatakiwa uape jinsi ukiukwaji ulivyokuathiri wewe binafsi. Yaani ilikuwa nizame kwanza ndo nikashtaki? Hapo mnaona nimerudi kwenye Katiba mpya kama nilivyoahidi.

Wakati tunapigania hilo, kuna kazi ya kufanya wiki hii. Vijana wa pwani yote, Tanga mpaka Mtwara na Visiwani, nendeni ofisi ya mtaa au kijiji mkaulize kwa maandishi maswali matatu. Kamati ya maafa ina wajumbe gani? Tahadhari ikitoka inatangazwa kwa njia gani, spika za msikitini, kengele za kanisani, BMU, ujumbe wa simu? Sehemu ya juu ya kukimbilia ni ipi, na kibao kiko wapi? Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala mbaki nayo. Wakikosa majibu, tutajua pa kuanzia.

Na msisubiri majibu yao kuwaambia wadogo zenu haya: ukiwa ufukweni ukasikia ardhi inatikisika kwa muda mrefu, au ukaona bahari inarudi nyuma wakati si wake, usiokote samaki, usitoe simu kupiga picha. Kimbia juu, mbali na mto na mkondo, na ukae hukohuko saa nyingi hata kama wimbi la kwanza lilikuwa dogo.

Mjomba bado anavua. Nilipomsomea rasimu ya makala hii kwenye simu alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa mwanangu, siku hizi ikija watatuambia?" Sikuwa na jibu la kumpa. Barua ya kwanza ya maswali yale matatu nimeshaipeleka mwenyewe, Pangani, Jumatatu.